Maswali ya Wasomaji: Turubai, Hema na Kiwanja Baada ya Maporomoko na Mafuriko

Barua za safari hii zimetoka Uganda: miteremko ya mlima Elgon, Kasese, Mbale, Butaleja na kwingineko. Karibu zote zinauliza jambo moja: nyumba imekwenda, tulale wapi na kwa namna gani mpaka tupate nyingine? Tumechagua zile zinazogusa watu wengi. Majina tumeyaacha kwa makusudi.

Tulipewa maturubai mawili ya msaada, kamba, misumari na zana. Mume wangu na shemeji yangu walisimamisha kibanda siku hiyohiyo. Wiki haikuisha, upepo uling'oa paa na turubai likapasuka palepale kwenye misumari. Tuko watu watano. Tumepata maturubai mengine mawili. Safari hii tufanyeje?
*Mama wa watoto watatu, Bududa*

Pole sana, mama. Turubai lenu halikuwa bovu. Turubai la msaada limefumwa kwa nyuzi za plastiki, kisha likapakwa plastiki laini pande zote mbili. Msumari ukipigwa moja kwa moja hukata nyuzi kadhaa, na kila upepo unapovuta, tundu linaongezeka. Adui wa pili ni kupigapiga: turubai lililolegea hujichanilia lenyewe kwenye miti, hata pasipo na msumari. Kwa hiyo kazi yenu ni mbili, kulifunga bila kulitoboa ovyo na kulikaza lisicheze.

Turubai la kawaida la Msalaba Mwekundu lina mita 4 kwa 6, na furushi la ujenzi lina mawili, pamoja na kamba ya mita 30. Kwa vipimo hivyo jengeni kibanda cha upana wa mita 3 na urefu wa mita 5.5. Sakafu itakuwa mita za mraba 16.5. Kiwango kinachotumiwa na mashirika ya misaada ni mita za mraba 3.5 kwa kila mtu bila kuhesabu mahali pa kupikia, kwa hiyo watu watano wangestahili 17.5. Mtapungukiwa kidogo, lakini paa litakaa sawasawa, na hilo ni muhimu zaidi.

Miti inayohitajika ni hii: nguzo tatu za katikati za mita 3.3, nguzo sita za pembeni za mita 2.4, mti mmoja wa kileleni wa mita 6, miti miwili ya kingo za paa ya mita 6, na fito 14 za mita 2 za kushuka toka kileleni hadi kwenye kingo. Ongezeni fito nne ndefu za kulaza juu ya hizo 14, mbili kila upande, ili turubai lisibonyee na kukusanya maji. Kisha fito nane za kushazari, mbili kwa kila kona. Watu wengi huziacha hizi nane kwa kuwa kibanda kinaonekana kimesimama bila hizo. Kinasimama kweli, lakini upepo wa kwanza wa pembeni unakilaza, kwa sababu fundo la waya peke yake haliwezi kuzuia nguzo isiiname.

Kama mnatumia kalitusi mbichi, ambueni magome yote. Chini ya gome ndiko wadudu wanakojificha na unyevu unakokaa. Sehemu itakayoingia ardhini ichomeni kidogo juu juu, kisha ipakeni oili chafu ya gari. Hiyo haimzuii mchwa milele, ila inamchelewesha. Mashimo yawe ya sentimita 60. Shindilieni udongo pamoja na mawe madogo tabaka kwa tabaka, si kujaza mara moja halafu kukanyaga juu.

Kabla ya nguzo, inueni sakafu kwa udongo ulioshindiliwa, sentimita 15 juu ya ardhi ya nje. Watu wanaolala chini kwenye mkeka huumwa na baridi ya chini kabla ya kuumwa na mvua ya juu.

Sasa paa. Laineni fito zote kwa panga, msiache kijiti chenye ncha. Juu ya mti wa kileleni, mahali turubai litakapojikunja, fungeni mpira wa ndani wa tairi la baiskeli uliopasuliwa. Tandazeni turubai, mita 6 zifuate urefu wa kibanda, ili kila upande ushuke mita 2. Nguzo za katikati zikizidi za pembeni kwa sentimita 85 hivi, mteremko utakuwa kama nyuzi 30, nao unatosha maji kuteleza. Paa la bapa hukusanya maji, maji huwa mzigo, na mzigo huo ndio unaopasua turubai usiku.

Ukingo wa turubai uviringisheni mara mbili kwenye ufito mrefu, kisha fungeni ufito huo kwenye mti wa ukingo kwa waya kila baada ya nusu mita. Msumari ukilazimu, upigwe kupitia ufito uliokwisha kuviringishwa, na chini ya kichwa chake pawe na kizibo cha soda au kipande cha mpira wa tairi. Kibaki kiasi cha upana wa kiganja kinachoning'inia nje ya ukuta, ili maji yadondokee nje. Mahali pasipo na tundu la kamba, chukueni kijiwe laini, kifungieni ndani ya turubai kama kifundo, na kamba ishike shingo ya kifundo hicho. Hakuna tundu linalotobolewa, na kifundo hicho hustahimili upepo kuliko tundu lolote la kutoboa kwa kisu.

Kamba ya mita 30 msiimalize kwenye mafundo madogo. Kateni vipande vitatu vya mita 9. Kila kipande kipite juu ya paa toka upande hadi upande na kufungwa kwenye vigingi vya sentimita 60 vilivyopigwa vikiegemea nje. Kamba hizo tatu ndizo zinazozuia turubai kupigapiga. Zikazeni kila jioni, hasa baada ya mvua.

Turubai la pili likateni katikati kwa urefu, mpate vipande viwili vya mita 2 kwa 6. Hivyo ni kuta za pande mbili ndefu. Kuta ni za mita 1.8, sentimita 20 zinazobaki zifukieni ardhini ili maji na nyoka wasipite chini. Sehemu ya juu ya ukuta iingie ndani ya ukingo wa paa, isitokeze nje yake. Pande mbili fupi zijengeni kwa mianzi, nyasi au fito na udongo, mlango ukiwa upande usiopigwa na upepo. Juu kabisa, chini ya kilele, acheni uwazi wa hewa kila upande. Bila uwazi huo pumzi za watu watano hugeuka matone usiku, na asubuhi mtadhani paa linavuja.

Mwisho, mfereji. Uchimbeni kuzunguka kibanda, sentimita 20 kwenda chini, pale matone ya paa yanapoangukia au nje kidogo, na uelekee bondeni, si kwa jirani. Mkiweza, wekeni nyasi juu ya paa zikiwa zimeinuliwa kwa fito zisilale moja kwa moja kwenye turubai. Jua ndilo linalolila turubai polepole. Likipata kivuli litadumu zaidi, na mchana mtapumua.

Na tafadhali, turubai la paa lisigawanywe kati ya familia mbili. Tunajua huruma inayowafanya watu wafanye hivyo. Lakini nusu turubai halifuniki familia yoyote, na ukingo uliokatwa huanza kufumuka siku ileile.

Mlima umeshashuka mwaka jana upande wa shamba letu. Udongo uliokuwa wa kushuka umeshuka. Nadhani sasa tunaweza kuweka kibanda pembeni ya lile kovu, karibu na migomba iliyobaki. Mwanangu anakataa. Nani ana haki?
*Mzee wa miaka 67, Bulambuli*

Mzee wetu, mwanao ana haki, na tunakusihi umsikilize. Mahali mlima ulipokatika pameacha ukuta wa udongo usio na kitu cha kuuegemeza chini. Kingo zake ndizo zilizo tayari kufuata. Kijiji cha Nametsi, Bududa, kilifukiwa tarehe 1 Machi 2010. Oktoba 2018 maporomoko yakaingia mto Suume, na mto ukabeba matope, mawe na miti hadi kwa watu wa Bukalasi waliokuwa mbali na pale mlima ulipokatika. Novemba 2024 ikawa zamu ya vijiji vya Bulambuli. Elgon ina udongo mzito unaoshika maji juu ya miteremko mikali, na mizizi mirefu ya msitu imekatwa sehemu nyingi. Kushuka mara moja hakumalizi hali hiyo.

Kuna maeneo matatu ya kukwepa. La kwanza ni ukingo wa kovu, juu na pembeni. La pili ni chini yake, kwenye udongo uliotua, ambao haujashikamana. La tatu husahauliwa sana: mdomo wa bonde, pale kijito kinapotoka mlimani na ardhi inapanuka vizuri. Panavutia kwa kuwa ni tambarare, lakini tambarare hiyo ilitengenezwa na mafuriko ya matope ya zamani.

Ukiona ufa ardhini, piga kigingi upande huu na kingine upande wa pili, upime nafasi kati yao kila asubuhi kwa kamba ileile. Ikiongezeka, ondokeni siku hiyo. Dalili nyingine ni miti au nguzo zinazoanza kuinama, mlango uliokuwa ukifunga vizuri kuanza kukwama, chemchemi mpya kutokea au ya zamani kugeuka tope. Na hii ishikeni sana: mvua inanyesha, lakini mto umepungua ghafla. Maana yake umezibwa huko juu, na kizuizi hicho kitaachia. Msishuke kutazama. Pandeni pembeni, mbali na bonde, kila mtu.

Migomba iliyobaki inaweza kutunzwa mchana wa jua. Kulala ni kwingine.

Je, tunaweza kupikia ndani ya hema wakati wa mvua?
*Msomaji, Ntoroko*

Hapana. Turubai likishika moto hudondosha plastiki inayowaka juu ya waliomo, na familia nzima inaweza kuungua kabla jirani hajafika. Jiko la makaa ndani ya hema lililofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala moshi, nayo huua watu wakiwa usingizini. Familia tatu au nne ziungane kujenga kibanda kimoja cha kupikia chenye paa la bati na kuta wazi, upande ambao upepo hauleti cheche kwenye mahema. Kibatari, ile tadooba, nacho kisiingie.

Tuko kambini karibu na mto Manafwa. Tukichimba choo, futi chache tu maji yanatokea. Vyoo viwili vimebomoka. Watu wameanza kwenda kwenye mpunga. Tufanye nini?
*Mhudumu wa afya wa kijiji, Butaleja*

Asante kwa kuuliza hili kabla kipindupindu hakijawauliza. Shimo la choo linatakiwa liishie angalau mita 1.5 juu ya usawa wa maji ya ardhini, na liwe mita 30 au zaidi toka kisimani. Kwenu mita hizo hazipatikani kwenda chini, kwa hiyo zitafuteni kwenda juu.

Jengeni choo cha kuinuliwa. Chimbeni kidogo tu mahali pa juu kuliko pote, kisha pandisheni ukuta wa shimo juu ya ardhi kwa mapipa yaliyotolewa matako, tofali za kuchoma au mifuko ya mchanga iliyopangwa kama tofali. Nje yake zungushieni kichuguu cha udongo ulioshindiliwa hadi usawa wa sakafu ya choo, na ngazi mbili tatu za kupandia. Kichuguu kiwe kipana, kwa sababu kikiwa chembamba uchafu utapenya pembeni na kutokea nje. Shimo la namna hii hujaa upesi, na tangu siku ya kwanza mjue litakavyotapishwa au mtakapolihamishia.

Vyoo vyenu viwili vilibomoka kwa sababu udongo wa mchanga uliolowa haujishiki. Hata mahali pakavu, mita moja ya juu ya shimo lolote la kambini iwekewe kingo ya mianzi iliyosukwa, mapipa au tofali. Kwa kulinganisha, shimo kavu la mita 1 kwa 1, kina mita 2, likihudumia watu 20, hutosha kama mwaka mmoja. Likibaki nusu mita lijae, funika kwa udongo, msingoje lifurike.

Idadi: siku za mwanzo choo kimoja kwa watu 50, kisha mjitahidi kufika kimoja kwa watu 20. Kisizidi mita 50 toka mahali pa kulala, vya wanawake vitengwe na vya wanaume, na mlango uwe na komeo la ndani. Mwanamke anayeogopa kwenda choo usiku atakwenda kwenye mpunga, hata mkijenga vyoo ishirini.

Maji ya kunywa, kama ni maangavu, kidonge cha klorini cha miligramu 67 kwa jerikeni la lita 20, subirini nusu saa. Kama ni tope, yachujeni kwanza kwa kitambaa kizito na yaacheni yatulie, la sivyo klorini inaishia kwenye tope.

Shule yetu ya msingi imepokea familia 60 tangu mto Nyamwamba ulipofurika. Muhula unafunguliwa, wazazi wanalalamika, na mimi kama mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, natakiwa kusema watu waende wapi. Tumepewa kiwanja kitupu. Nianzie wapi?
*Mwenyekiti, Kasese*

Ndugu mwenyekiti, shule ni mahali pa kulala siku chache. Zaidi ya hapo kila mtu anaumia: watoto wa kijiji kizima hukosa masomo, vyoo vya wanafunzi hujaa, na familia zilizopoteza nyumba huanza kuonekana kama wavamizi. Kwenu mto huo umefurika vibaya Mei 2013 na tena Mei 2020, kwa hiyo chukulieni kwamba kambi hii haitakuwa ya mwezi mmoja. Pangeni kiwanja kama watu watakaa miaka miwili.

Anza na hesabu. Familia 60 za watu watano ni watu 300. Viwango vya Sphere, vinavyofuatwa na mashirika ya misaada duniani, vinataka mita za mraba 45 kwa kila mtu, ukijumlisha njia, vyoo, majiko na nafasi za wazi. Hiyo ni mita za mraba 13,500, zaidi kidogo ya ekari tatu na robo. Kama kiwanja ulichopewa ni ekari moja, sema mapema, tena kwa maandishi, kwa kaunti ndogo na kamati ya maafa ya wilaya, ili ombi lifike Ofisi ya Waziri Mkuu likiwa na tarakimu. Orodha yenye idadi ya watu, umri, walemavu, wajawazito na vipimo vya kiwanja hujibiwa haraka kuliko barua ya masikitiko.

Maji: lita 15 kwa mtu kwa siku, yaani lita 4,500, au majerikeni 225. Bomba moja kwa watu 250, kwa hiyo mawili, na mtu asitembee zaidi ya mita 500. Vyoo sita kwa kuanzia, kumi na vitano mkitulia.

Mteremko: ardhi ishuke mita 1 hadi 5 kwa kila mita 100. Chini ya hapo maji yatatuama, juu ya hapo yatachimba mahandaki. Huhitaji mpimaji. Chukua mpira wa maji unaopitisha mwanga, wenye urefu unaozidi mita 10, ujaze maji, mtu mmoja ashike ncha hii na wa pili ncha ile wakiwa mbali mita 10. Kila upande pima kimo toka ardhini hadi usawa wa maji ndani ya mpira; tofauti ya vimo hivyo viwili iwe kati ya sentimita 10 na 50. Pima sehemu nyingi, na nenda kiwanjani wakati mvua inanyesha. Hakuna ramani inayokueleza zaidi ya saa moja ya mvua.

Kati ya kibanda na kibanda ziachwe mita 2 zisizopungua. Ikiwezekana, nafasi iwe mara mbili ya kimo cha kibanda, moto usiruke.

Sasa jambo ambalo tunaliona zito kuliko vipimo vyote. Msipange watu kwa kura wala kwa foleni ya kufika. Baada ya tetemeko la Kobe, Japani, mwaka 1995, zilijengwa nyumba za muda zaidi ya 48,000, zikagawiwa kwa kura, wazee na walemavu wakitangulizwa. Nia ilikuwa njema. Matokeo yake watu walitengwa na majirani zao wa miaka yote, na wazee wengi walifia ndani pasipo mtu kujua kwa siku kadhaa. Wewe una faida kubwa, unawajua watu wako. Panga vibanda vya mtaa mmoja pamoja, kumi au kumi na viwili vikitazamana kwenye uwanja mdogo, mjane awe kati ya ndugu zake, asiwe pembezoni.

Usisahau pia waliokwenda kwa ndugu. Wako wengi, hawaonekani kambini, na mara nyingi hawaandikwi. Ziandike nyumba zilizowapokea. Turubai moja na magodoro mawili kwa shangazi aliyepokea watu sita huweza kumwezesha kuwaweka miezi mingi, na kambi yako ikapungua.

Nina ekari mbili chini, mahali pasipo na hatari. Nataka kuwapa ndugu wa mlimani wakae kwa muda, lakini watu wananitisha kwamba hawatatoka na ardhi itapotea.
*Mwenye shamba, Sironko*

Moyo wako ni mwema, na hofu yako inatibika kwa karatasi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inamlinda mkaaji wa nia njema aliyekuwa kwenye ardhi miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba ya 1995, bila mwenye ardhi kumpinga. Anayeingia leo kwa ruhusa yako hayumo humo. Ruhusa ya maandishi ndiyo inayoonyesha kwamba yuko kwa hiari yako.

Andikeni makubaliano kwa lugha ambayo wote wanaisoma. Yataje mipaka kwa alama zinazoonekana, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, kama kuna kodi au hakuna, nani anavuna miti na matunda yaliyopo, kama wanaruhusiwa kulima mboga, vyoo vitachimbwa wapi na nani atavifukia, na wakiondoka watachukua nini. Kifungu hicho cha mwisho ndicho kinacholeta ugomvi kikikosekana. Sema wazi kwamba mabati, mbao na milango ni mali yao. Nakala tatu, sahihi za pande zote, mashahidi, na muhuri wa LC1. Kama ni ardhi ya familia, mke au mume wako akubali na atie sahihi, sheria inataka hivyo. Kama ni ardhi ya ukoo, wazee wa ukoo wakae kikao kwanza.

Na ninyi mnaohamia, kuhama hakufuti haki yenu juu ya shamba la mlimani. Pigeni picha za mipaka, chukueni barua ya LC1 na majina ya majirani wa kila upande, mziweke ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji.

Kwa nini wasituletee makontena yaliyogeuzwa nyumba, kama tunavyoona kwenye simu? Turubai ni aibu.
*Kijana, Mbale*

Ndugu yetu, kontena la futi 20 lina mita za mraba kama 14 ndani, yaani watu wanne kwa kubanana. Likiwa tupu lina zaidi ya tani mbili, kwa hiyo linahitaji lori na mtambo wa kulishusha, na barabara za juu za Bududa baada ya mvua hazipokei hata pikapu. Bila dari, madirisha na kivuli, mchana linakuwa tanuri. Fedha ya kulinunua, kulisafirisha na kulikata inajengea familia kadhaa fremu za mbao na mabati, kazi ambayo mafundi wa hapo wanaiweza.

Nyumba za kiwandani nazo zina historia. Baada ya kimbunga Katrina cha 2005 nchini Marekani, familia nyingi zilipewa nyumba za magurudumu. Watu wakaanza kulalamika macho na vifua, na vipimo vilivyotangazwa mwaka 2008 vikaonyesha hewa ya ndani ina formaldehidi nyingi iliyotoka kwenye mbao za gundi. Na hapa jirani, Rwanda, kwenye miaka ya 1990, watu walipewa nguzo za alumini za kusimamishia maturubai. Wengi waliziuza na kurudi kukata miti, kwa sababu alumini ilikuwa na bei sokoni na njaa ilikuwapo nyumbani.

Aibu unayoitaja ni ya kweli, na turubai lisikae zaidi ya lazima. Hatua inayofuata iko kwenye swali la chini.

Nimepata fedha kidogo za msaada. Wengine wananiambia ninunue tofali, wengine sementi. Kiwanja cha kudumu bado sijaonyeshwa.
*Mama mjane, kambini, Kasese*

Mama, usinunue kitu ambacho hutaweza kukibeba. Tofali zilizojengwa kwa sementi hapo kambini utaziacha hapohapo. Mabati, mbao, mlango, dirisha na misumari vitakufuata.

Anza na mabati. Namba ya geji ikiwa kubwa, bati ni jembamba: geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Bati litakalofunguliwa na kupigwa upya linahitaji unene, kwa hiyo bora mabati machache ya geji 28, umalizie upande mmoja kwa turubai, kuliko mengi membamba yatakayochanika ukiyang'oa. Tumia fremu ileile ya nguzo tuliyomweleza mama wa Bududa, ila badala ya fito 14 weka mbao za kenchi kila mita moja na mbao za kulaza juu yake, kwa kuwa bati linataka kitu kilichonyooka. Mbao zifunge kwa waya na misumari mirefu usiyoipiga hadi mwisho kabisa, ili ikamatike siku ya kubomoa.

Msumari wa bati hupigwa kwenye mgongo, si kwenye bonde la bati, kwa kuwa maji hupita bondeni. Uwe na kofia na mpira. Bati la juu lifunike la chini kwa sentimita 15 hivi, na ubavuni migongo miwili. Kingo za paa ndizo zinazovutwa zaidi na upepo, kwa hiyo hapo piga misumari kila mgongo wa pili, katikati unaweza kuachia zaidi. Kila nguzo ifungwe na mbao ya juu kwa waya unaozunguka mara tatu, maana upepo hauangushi paa kwanza, hulinyanyua.

Kuta zisubiri. Fito na udongo zinatosha sasa, na hazigharimu kitu ukiondoka. Kiwanja kikionyeshwa, anza kung'oa kileleni ukishuka, weka kipande cha ubao chini ya kichwa cha nyundo ili usibonyeze bati, andika namba nyuma ya kila bati kwa mkaa au rangi, na matundu ya zamani uyapange yaangukie kwenye mbao mpya palepale. Yasiyoangukia, ziba kwa lami kidogo na kipande cha turubai lililochakaa.